Saa Iliyoandikwa Kwenye Kopo

Miaka 11 sasa nafanya kazi katika maabara ya patolojia hapa Lubumbashi, Kongo. Daktari wa upasuaji akitoa uvimbe, unaletwa kwetu. Tunaukata vipande, tunavizamisha kwenye nta ya parafini, kisha tunachana utepe wa mikroni 4 na kuulaza juu ya kioo ili daktari wa patolojia ausome kwa hadubini. Nataka kusimulia jinsi tulivyogundua kwamba baadhi ya majibu ya saratani ya titi yalikuwa yakiharibika kabla nyama haijafika mezani kwetu, na jinsi tulivyolirekebisha jambo hilo bila kununua mashine hata moja.

Seli nyingi za saratani ya titi zina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Homoni ikishika pale, seli inapata amri ya kugawanyika. Elwood Jensen, mwanasayansi wa Chicago, ndiye aliyeanza kulionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, na dawa ya tamoksifeni hufanya kazi kwa kuikalia nafasi hiyo kabla homoni haijaishika. Mwenye vipokezi akimeza miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, hatari yake ya kufa kwa ugonjwa huo hupungua kwa takriban thuluthi moja. Ni kidonge tu, mama anakimeza nyumbani kwake asubuhi kisha anakwenda sokoni. Lakini asiye na vipokezi hakimfai kitu. Kwa hiyo neno "hakuna" kwenye karatasi ya majibu ni neno zito, na mimi nilikuwa nikilipiga muhuri bila kuliuliza swali.

Mgonjwa aliyetufumbua macho ni mama mmoja muuza makaa wa Katuba, mtaa wa hapa mjini. Bloku yake, yaani kipande cha nta chenye nyama yake, tuliituma nje ya nchi kupimwa vipokezi, kwa sababu kingamwili za kipimo hicho hatukuwa nazo. Baada ya wiki nyingi jibu likarudi: hakuna. Daktari wetu wa patolojia, kijana ambaye huniita yaya, yaani ndugu mkubwa, alikuwa ameomba vioo vyenyewe virudishwe pamoja na karatasi. Alivitazama kimya, kisha akanisogezea kiti.

"Yaya, hebu angalia pembeni, siyo kwenye uvimbe."

Pembeni kulikuwa na vifereji vya maziwa vya kawaida, sehemu ya titi lake ambayo haikuwa na ugonjwa. Vifereji hivyo huwa na vipokezi, na kwenye kipimo kizuri baadhi ya viini vyake lazima vionekane vya kahawia. Pale vilikuwa vya buluu vyote, hata kimoja hakikuguswa na kahawia. Kama hata nyama isiyo na ugonjwa imesema "hakuna", basi kipimo hakijasema lolote kuhusu saratani.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikakaa mlangoni mwa chumba cha upasuaji nione nyama inapitia wapi. Titi lililotolewa lilifungwa kwenye kompresi, kitambaa chenye serumu ya maji ya chumvi, na kuwekwa kando, likisubiri familia ikanunue fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Muda ulipita. Kisha likasukumwa zima, likiwa bado laini, ndani ya chupa tupu ya maji iliyotiwa fomalini. Fomalini huikaza nyama, kwa hiyo kwetu ilitubidi kuikata chupa ili kuitoa. Nilipolipasua, ukingo wake ulikuwa mgumu na wa kijivu, lakini katikati palikuwa pekundu, pameteketa, pananuka. Fomalini hupenya kama milimita 1 kwa saa. Titi zima, kwa joto la Oktoba la hapa kwetu, linaoza kwa ndani huku limezungukwa na dawa.

Miongozo ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu kupima vipokezi inataka nyama iingie kwenye fomalini kabla ya saa 1 kwisha, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Na mwaka 2014 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika: pale sampuli zilipokusanywa kwa mpango tangu mwanzo, wanawake wenye vipokezi walionekana wengi zaidi kuliko pale zilipotolewa kabatini, yaani bloku za zamani zilizohifadhiwa. Niliposoma hayo nilikumbuka kabati letu.

Fomalini tulianza kuichanganya wenyewe: mililita 100 za fomalidehidi kali, mililita 900 za maji, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu ya aina moja na gramu 6.5 za ile nyingine, ili isigeuke kuwa asidi. Makopo ya mayonezi yenye mdomo mpana tulinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tukayaosha. Kila kopo tukalijaza dawa mara 10 ya ukubwa wa nyama. Daktari wa upasuaji alikubali kuupasua uvimbe kama mkate palepale, vipande visiachane. Na kwenye lebo mistari miwili: saa ya kutoka mwilini, saa ya kuingia kwenye fomalini.

Mistari hiyo ndiyo ilileta ugomvi. Muuguzi mkuu wa upasuaji, mama ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, mgonjwa akivuja damu, nimwache niandike saa yako?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu apite maabara akimaliza zamu. Nikamwekea vioo viwili, cha nyama iliyochelewa na cha nyama iliyowahi. Cha kwanza seli zilikuwa zimefifia, mipaka haionekani. Cha pili kila kiini kimesimama peke yake. Aliangalia kimoja, akarudia kingine, kisha akauliza cha kwanza ni cha nani. Tangu siku ile yeye ndiye anayeandika, na asipokuwepo anakagua aliyeandika.

Umeme ukikatika tunapitisha vipande kwa mkono, kutoka alikoholi hadi zileni, kimiminika cha kuondoa alikoholi, hadi nta. Inachosha, lakini inawezekana.

Yule mama wa Katuba alikuwa na bahati moja. Kabla ya upasuaji alichomwa sindano ya biopsi, ile ya kuchukua nyama kidogo ya kupimwa, na vile vipande vyembamba kama uzi viliingia kwenye fomalini papo hapo. Bloku ya vipande hivyo tuliipata, tukaituma. Viini vilirudi vya kahawia, karibu vyote. Ameanza tamoksifeni.

Baada ya hapo tulipekua vioo vya nyuma, tukitafuta vile ambavyo vifereji vyake vya kawaida navyo ni vya buluu. Ninapiga simu kwa wenyewe kila Alhamisi. Wengine wamekuja tukapima upya. Wengine namba zao haziingii tena, na bloku zao nimezitenga kwenye droo ya juu.