Kumbukumbu ya mradi wangu: limiti za fankisheni za vipande katika jedwali la kodi ya mshahara

Kijitabu cha kalkulasi ninachowaandalia wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaojisomea kibarazani kwangu hapa Moshi kimefika sura ya fankisheni za vipande, yaani zile ambazo kanuni yake hubadilika x inapovuka mpaka fulani. Sura zilizotangulia zilikwenda upesi na hazina mengi ya kusimulia.

Zoezi la kwanza nimeliacha liwe dogo: f(x) = (x² − 9)/(x − 3) pale x isipokuwa 3, na f(3) = 10. Ukirahisisha kinabaki x + 3, kwa hiyo limiti, yaani thamani ambayo fankisheni huielekea, x inapokaribia 3 ni 6 kutoka kushoto na kutoka kulia, na ile 10 haina kauli katika shauri hilo, kwa kuwa limiti huulizia jirani za 3, haiulizii 3 yenyewe.

Mfano mkuu wa sura ni kodi ya mshahara kwa mkazi wa Tanzania Bara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000 hakitozwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Na zaidi ya hapo ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Mpwa wangu alilitazama jedwali hilo akauliza, “Mjomba, hii 20,000 imetoka wapi?” Swali hilo ndilo lililonipa sura nzima.

Tuiite hiyo 20,000 k, kana kwamba bado hatuijui. Kutoka kushoto, x inapokaribia 520,000, kodi inakaribia 0.08 × 250,000, yaani 20,000. Kutoka kulia inakaribia k. Limiti ikiwapo, k haina budi kuwa 20,000. Kwa njia hiyo hiyo 68,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 240,000, na 128,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 240,000. Kabla ya Julai 2021, kiwango cha chini kilipokuwa asilimia 9, namba hizo zilikuwa 22,500, 70,500 na 130,500: zote tatu zilishuka kwa 2,500, kwa sababu kipande cha kwanza kikishuka, vinavyofuata havina budi kushuka nacho ili ncha zikutane.

Hapa ndipo ninapojibu hofu ninayoisikia mara kwa mara kwa waajiriwa, kwamba nyongeza ikikuvusha daraja la kodi utabaki na kidogo kuliko mwanzo. Kwa kipato cha 519,999 kodi ni 19,999.92, kwa 520,001 ni 20,000.20. Kwa kila shilingi inayoongezeka juu ya mpaka huo, senti 80 zinabaki kwako. Hofu hiyo ingekuwa ya kweli iwapo asilimia 20 ingetozwa kwenye mshahara wote, maana hapo limiti ya kulia ingekuwa 104,000.

Ili tofauti ionekane nimetunga nauli ya vifurushi stendi: 3,000 hadi kilo 5, na 5,000 kwa kinachozidi 5 hadi 10. Kwenye kilo 5 nauli ni 3,000 bila ubishi, lakini limiti haipo, kwa sababu kushoto ni 3,000 na kulia ni 5,000. Kwenye karatasi ya manila nimechora kitone kilichojazwa kwa 3,000 na kiduara kitupu kwa 5,000. Mwanafunzi akivichanganya hivyo viwili, jibu la nauli lenyewe hubadilika.

Kilichobaki ni kurasa za mteremko. Grafu ya kodi haikatiki popote, ila kwenye 520,000 ina kona: mteremko ni 0.08 upande wa kushoto na 0.20 upande wa kulia, hivyo hauna thamani moja hapo. Grafu hiyo itafungua sura ya unyambulishaji, yaani kutafuta mteremko wa fankisheni.