Mjomba wangu na Vijana wa Kuboeka

Mwezi wa tatu huu tangu nirudi Tanga, baada ya miaka tisa Ureno. Kila anayekuja kunipa pole ya safari ana swali lake moja: umetuletea nini? Mjomba naye hakuniacha. Nilimkuta barazani Chumbageni, nikamwamkia, akaitika, kisha mkono ukanyooshwa. Nikampa CD.

"Ndiyo nini hii?"

"Muziki, mjomba. Wa mji niliokuwa nikiishi."

Mji wenyewe ni Coimbra, kando ya mto Mondego, kaskazini ya Lisbon. Mji wa wasomi: chuo chake kilianzishwa mwaka 1290, na mpaka leo wanafunzi huvaa majoho meusi na kuimba fado, nyimbo za asili za Kireno, usiku. Fado ya pale haipigiwi makofi. Ikikupendeza, unakohoa. Mara ya kwanza nilidhani ukumbi mzima una mafua.

Sasa wewe zaliwa hapo, uwe na miaka kumi na minane, na majoho huyataki. Vijana wa namna hiyo waliunda bendi mwaka 1989, wakaiita Tédio Boys. Tédio ni kule kuboeka kwa kukaa kutwa bila la kufanya. Sisi wa Tanga si wageni wa jambo hilo. Mji tunauita "waja leo waondoka leo", na wengine wetu hata nauli ya kuondokea hatuna.

Walipiga panki, ile roki ya fujo, iliyochanganyika na rokabili, ule muziki wa Wamarekani wa miaka ya hamsini, ila kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na mbwa. Toni Fortuna akiimba, Kaló kwenye ngoma, Paulo Furtado na Victor Torpedo kwenye magitaa. Wakafika Marekani mara tatu, na New York wakapiga kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Joey Ramone, ambaye kwa watu wa panki ni mzee wa ukoo. Mwaka 2000 bendi ikavunjika.

Mimi napenda zaidi yaliyofuata. Torpedo akawa London na The Parkinsons, Kaló na Bunnyranch yake, Fortuna na d3ö. Furtado, ambaye kumbe alizaliwa Msumbiji, jirani zetu hapa, akawa bendi ya mtu mmoja: mguu ngoma, mkono gitaa, jina The Legendary Tigerman.

Nilipofika Coimbra hayo yote yalikuwa hadithi za baa. Kila mwenye mvi alidai alikuwepo kwenye shoo zao. Wangekuwepo wote, ukuta ungepasuka. Mmoja wao ndiye aliyenipa CD hiyo siku ya kuniaga, imechubuka kama goti la mtoto.

Mjomba akaiweka. Wimbo wa kwanza akaniuliza, "Hawa wanagombana?" Wa pili kimya. Wa tatu kidole kikaanza kugonga mkono wa kiti. Huyu mtu ujana wake aliumalizia kwenye madansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, sikio analo.

"Mpiga ngoma hana mchezo," akasema. "Wazee wao walisemaje?"

"Walisema ni kelele, mjomba."

Akacheka mpaka kofia ikamwinamia. "Na baba yangu alisema hivyo hivyo kuhusu Atomic."

Nilipoaga akanirudishia kasha. Jepesi. Nikalifungua njiani, ndani hamna kitu.