Siku Bibi Alipomkatiza Mwalimu

Shangazi ndiye aliyenivuta kwenye mazungumzo ya historia ya mtaa, Kariakoo, Jumamosi moja alasiri. "Nusu saa tu," akaniambia. Kwa shangazi nusu saa haijawahi kuwa nusu saa.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, uani kwa jamaa mmoja, nyuma ya maduka ya vitenge. Mzungumzaji alikuwa mwalimu mstaafu. Alianza mbali: Sultani Majid wa Zanzibar na mji alioujenga jirani na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, kisha Wajerumani kuhamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mambo ya darasani. Nikawa nachezea simu.

Alipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza nikairudisha simu mfukoni. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo hilihili wakaliweka kambi ya wapagazi wao, wale wa Carrier Corps. Kijana mmoja akauliza kwa nini hawakutumia punda. Mwalimu akasema punda, nyumbu na farasi walikwisha kwa mbung'o, basi mzigo ukaishia kichwani mwa binadamu. Na binadamu anakula. Safari ikiwa ndefu, chakula kingi kinaliwa njiani na haohao wanaokibeba; kwa hiyo wanaongezwa wabebaji, nao wanataka kula. Hesabu ile ilinitisha kuliko habari za mizinga. Njaa, kuhara na malaria, alisema, viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi.

Hapo bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango wa jiko akamkatiza.

"Samahani, mwalimu. Babu yangu alikuwamo."

Akausogeza ushungi nyuma, akaweka vidole viwili katikati ya utosi. "Hapa palikuwa hapaoti nywele. Laini kama kiganja. Tukimpaka mafuta sisi wajukuu tulipenda kupagusa, naye anatufukuza."

Vita yenyewe hakuisimulia, alisema. Ila mvua kubwa ikinyesha usiku, mzee huyo halali, anakaa kitandani na kusema, "Rufiji hiyo."

Mwalimu akafunua daftari lake upesi. Mvua za mwanzoni mwa 1917, akasema, zilifurisha Rufiji hadi majeshi yakakwama kwenye tope. Akataka kujua babu aliandikishwa wapi.

"Kuandikishwa?" Bibi akamtazama. "Alikamatwa, baba."

Mwalimu akaandika. Nilimpenda kwa hilo; wasomi wengine wangemsahihisha. Kisha akamkumbusha Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa 1927, kwamba maandishi yake yanawataja na wapagazi.

"Naijua. Kashika bunduki," bibi akajibu. "Na chakula chake kambebea nani?"

Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya watu wote, kila mmoja na babu yake, na mwalimu akageuka karani. Sijui ni lini tena nimewaona wazee wakigombea zamu ya kusema hivyo.

Mwishoni alipendekeza wiki ijayo tuzungumzie mgomo wa makuli wa bandarini wa 1947. Wengi wakataka Simba na Yanga. Zikapigwa kura za mikono, makuli wakashindwa vibaya, na kabla viti havijakusanywa wazee wawili walishaanza kubishana kuhusu 1935 na 1936, miaka ya kuzaliwa kwa klabu hizo mbili.