Siku yangu moja kwa saa za dawa ya Mama

Saa 12 asubuhi. Simu inalia, Mama ameshaamka. Navuta mililita 5 za mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwa bomba lisilo na sindano, nammiminia kinywani. Chungu! Anakunja uso, anadai chai. Na dawa ya kulainisha choo siisahau tena, maana mofini hufunga choo. Wiki ya kwanza ilitufunza adabu.

Saa 2 natoa cherehani barazani. Mashati 6 ya shule, mwenyewe anayafuata jioni.

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka jana alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, mwezi uliopita daktari akasema sasa ni tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na kumfariji, si kumponya. Ukoo mzima ukasikia "mrudisheni nyumbani akafe". Hata mimi, sijitii ujuaji.

Saa 4, dozi. Kaka anapiga kutoka Mombo: "Bado unampa kile kitu? Si ndiyo unga ule?" Namweleza tena: kwa mwenye maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kimfanye mtu teja. Na tunampa kila baada ya saa 4 ili maumivu yasipate upenyo, hatungoji alie. Kaka anahamia kwingine: amepata gari, Jumamosi anampeleka Mama Lushoto kwa mtu wa miti shamba.

Saa 6 anafika nesi wa shufaa. "Shikamoo Mama. Ugonjwa huu, wewe mwenyewe unauelewaje?"

Miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza hivyo humu ndani.

"Naelewa hauponi," Mama akasema. "Hawa wanangu ndio bado."

Nikashona kola kichwa chini.

Saa 8, baada ya dozi, nikaketi naye mkekani. Nilijiandalia maneno, hayakutoka hata moja. Akaanza yeye. Anadaiwa elfu arobaini kwenye kikoba, nisikubali walipe wadhamini wake. Wodini harudi. "Na Lushoto msinipeleke nikiwa hai, kona zile zitanimaliza njiani. Nikishakufa nipelekeni, hazitaniuma." Tukacheka mpaka akashika tumbo. Kisha nikalia, akaniachia nilie.

Saa 12 jioni, dozi. Mteja anaondoka na mashati 5. Nampigia Kaka, naweka spika, Mama anamwambia mwenyewe habari ya kona. Kimya kirefu. "Haya Mama. Nitakuja mimi huko."

Saa 4 usiku, dozi maradufu, ili saa 8 nisimwamshe. Amelala. Nafumua kola ya shati la sita.