Unasubiri tu

Ni Jumanne usiku na maneno ya Jumamosi bado yamenikaa kooni. Mama Zuri amefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, alhamdulillahi, na ghalani wamepunguza watu wa zamu ya usiku, mimi nimesalia. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina sentensi moja tu ya baba mkwe.

Tulikuwa Lake Fork, mashariki ya Dallas. Mnajua Mzee tangu atue hapa Oktoba amekuwa akiuliza maji yako wapi. Basi mwisho huu wa Novemba, kabla baridi haijashika sawasawa, nikamkatia leseni ya siku moja, nikaazima boti la bati la jirani, tukaenda.

Fork ni ziwa la kutengenezwa. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1980, na sehemu kubwa ya msitu uliokuwa bondeni iliachwa imesimama, maji yakaufunika. Hadi leo vigogo vinachomoza, na samaki waitwao krapi wanajibanza humo chini. Maji yakipoa namna hii samaki hana haraka. Unamshushia kisamaki hai, saizi ya omena, ubavuni mwa kigogo, halafu unatulia. Ukitikisatikisa fimbo unamfukuza. Ndiyo kazi yenyewe, na ndivyo nilivyokuwa nimekaa, kofia hadi machoni.

Mzee alikuwa mbele ya boti akitafuta besi, samaki mwindaji: anarusha, anavuta, anarusha, anavuta, kama anavyofanya ziwa Naivasha, kwao Kenya, kwenye kingo za mafunjo, jicho moja kwa samaki na jingine kwa kiboko. Akageuka.

“Baba Zuri.”

“Naam, Mzee.”

“Mbona wewe huvui? Unasubiri tu.”

“Ndiyo, Mzee.”

Ndiyo, Mzee! Ndiyo gani? Mimi mtoto wa Shimoni, pwani ya Kenya, marehemu baba alinilea kwa pesa za samaki, changu na tafi, naambiwa sivui na ninaitikia kama niliyeulizwa kama nimekunywa chai.

Nimeirudia mara nyingi ile sauti yake. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hapo ndipo inaponichoma, maana mwenye hasira unaweza kumwambia ni hasira. Halafu nimeanza kujiuliza kama Mama Zuri amemweleza habari ya ule usimamizi wa zamu niliowaandikia Agosti, kwamba barua ya kuomba cheo hicho niliandika na sikuipeleka, nangoja bosi aniite mwenyewe. Mama Zuri anaapa hajasema kitu. Lakini aliapa akiwa anakunja nguo, hakuniangalia.

Majibu sasa ninayo tele, yamekuja saa hizi yasipohitajika. Ningemwambia kwamba besi mkubwa kuliko wote walioandikishwa Texas alitoka ziwa hili hili, Januari 1992, ratili 18.18, na Barry St. Clair aliyempata hakuwa akirusha chochote. Alikuwa ameshusha kisamaki hai, anasubiri krapi! Ningemwambia hata hao besi wake wa Naivasha asili yao ni huku Marekani, walipelekwa mwaka 1929. Hili la pili nilimwambia kweli, kwenye gari tukienda. Akanijibu, “Sasa si wamekua kwetu?” Nikakosa la kusema hapo pia.

Ila nikiwa mkweli siku haikuwa mbaya. Saa tano hivi alimpata besi wake, tukampima, inchi 19. Sheria ya Fork ni kwamba kuanzia inchi 16 hadi 24 unamrudisha. Nilidhani atagomba. Alimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, akamwachilia taratibu, akamwambia kitu kwa Kikuyu, akacheka peke yake. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka tangu tumzike mama mkwe.

Mchana upepo wa kaskazini ukamshinda mkono. Akaweka fimbo yake chini, akaomba yangu. Nikamwekea chambo, akashusha, akatulia. Akatulia kabisa! Akamtoa krapi wa kwanza, mweupe wa madoa meusi, kapita inchi 10 zinazotakiwa. Akatoa mwingine. Ndoo ikaanza kupata uzito, na yeye haongei, haangalii kushoto wala kulia, kakunja mabega ndani ya koti langu la zamani. Swali lilinijia hadi ncha ya ulimi: Mzee, unavua au unasubiri? Nikalimeza. Mkwe hasemwi hivyo, hata akiwa amevaa koti lako.

Nilimweleza badala yake kwamba kuanzia Desemba 1 hadi Februari inaisha, hapa hurudishi krapi yeyote, awe mdogo vipi. Wakati huo wanakaa kina kirefu, na ukimpandisha kibofu chake cha hewa kinafura, hata ukimwachilia ataelea afe. Akafikiri kidogo. “Hiyo ni sheria ya mtu aliyewahi kuvua,” akasema. Nikafurahi kana kwamba nimeitunga mimi.

Usiku tuliwakaanga kwa unga wa mahindi, ugali pembeni, na Mzee akala hadi akafungua mshipi wa suruali. Naona hata hakumbuki aliniambia nini. Barua ya usimamizi iko kwenye droo ya jikoni. Sijasema kama nitaipeleka.

Jingine: mwalimu wa Zuri ameandika kwamba mtoto anakunja uso akisoma ubaoni, na anaomba akakae mbele. Pande zote mbili za ukoo hakuna aliyevaa miwani akiwa mdogo. Leo jioni nilisimama mwisho wa korido na sanduku la nafaka, nikamwambia asome jina. Alisoma upesi mno. Sijui kama aliliona au analikumbuka kwa rangi. Daktari wa macho ana nafasi Alhamisi ijayo, saa ambayo mimi na mama yake sote tuko kazini.