Leo mgongo haukulia

Upepo wa mchana umenijazia vumbi hadi kwenye shuka la kitanda ninapolazia wagonjwa wangu wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono. Nimelikung'uta mara mbili, sasa nimekaa naandika kabla sijasahau.

Saa tatu asubuhi aliingia kijana wa bodaboda akiwa na bibi yake, aliyekuja toka Mvumi. Kijana anabeba abiria kwenda Mtumba na kurudi, kutwa nzima kwenye siti, na kiuno kimekaza. Nilimpima kwanza: ganzi hana, nguvu za miguu zipo, nikigonga chini ya goti mguu unaruka vizuri. Nikamlaza ubavu, nikakunja goti la juu, nikaweka kiganja changu juu ya nyonga na kumwambia atoe pumzi. Ilipoishia nikasukuma, haraka lakini kidogo sana. Pa!

"Mungu wangu, umemvunja!" Bibi aliruka kwenye kiti. Kijana anacheka tu, anajinyonga kushoto na kulia.

Mlio ule unawadanganya wengi. Si mfupa unaorudi mahali pake. Kiungo kikivutwa ghafla, majimaji yaliyomo ndani yanapungua shinikizo na uwazi wa gesi unatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Canada waliuona kwenye picha za MRI walipovuta vidole. Ndiyo maana namwogopa kinyozi anayekunyonga shingo baada ya kukunyoa. Mishipa inayopeleka damu nyuma ya ubongo inapita kwenye matundu ya pingili za shingo, na ukiuchana mmoja unaweza kuondoka na kiharusi badala ya denge.

"Sasa na mimi, mjukuu wangu. Nipasue kama huyu," bibi akaniambia.

Zamani ningemsukuma mpaka mgongo ulie. Nilipokuwa nasoma Durban tulibishana mbinu kama Simba na Yanga: huyu Gonstead, yule kitanda cha Thompson ambacho kipande chake kinashuka unaposukuma, mwingine kifaa kidogo cha springi, Activator. Tangu Palmer aanzishe kairopraktiki kule Davenport, Marekani, mwaka 1895, kila fundi na jina lake. Mimi nilikuwa wa mikono. Mlio usipotoka, narudia. Mwaka jana nilimrudia hivyo dereva wa lori aliyekuwa amekaza mwili mzima kwa woga. Mara ya tatu ulilia, na kwa siku tatu hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Alinipigia simu bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Mtu aliyekaza vile angefaa kulazwa kifudifudi kwenye kitanda kinachojikunja, mgongo uvutwe polepole.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuchagua mbinu yoyote, niliketi nyuma ya bibi nikapapasa pingili moja moja. Katikati ya mgongo moja ilikuwa imechomoza kidogo. Niliigonga kwa ncha ya kidole akashtuka, pumzi ikakatika.

"Usiku inakuwaje, bibi?"

"Usiku ndiyo hainiachi. Na jasho, naloa mpaka nabadili kanga."

"Umepungua?"

Akavuta kanga kiunoni ili nione ilivyojizungusha. Haikuhitaji jibu.

Mgongo kama ule hauguswi kwa kifaa cha springi wala kitanda cha kushuka. Inaweza kuwa TB ya mgongo, inaweza kuwa kitu kingine kinachokula mfupa, na mfupa ulioliwa hausukumwi hata kwa upole. Ukivunjika unaweza kubana neva za uti wa mgongo, na bibi akapooza. Nikaandika barua ya rufaa: eksirei ya mgongo, damu, apimwe TB.

Bibi alikasirika kweli. "Nauli yote hii toka Mvumi, na mgongo wangu hata haujalia?" Nilimweleza. Alinitazama kama ninayemnyima kitu nilichompa mjukuu wake dakika kumi tu kabla, na sikumlaumu.

Pesa yake sikuipokea. Kijana akakunja barua, akaichomeka ndani ya kofia ngumu, kisha akamwita bibi apande nyuma. Nikatoka mbio na ndala miguuni: hapana, si pikipiki, si kwa mgongo ule na mashimo ya barabara yetu. Nikamsimamishia bajaji. Akapanda bila kuniaga, kijana akafuata nyuma yake taratibu.

Kesho asubuhi nampigia.