Hekta 2 za barabara

Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira zina sentensi moja ambayo nakutana nayo karibu kila mara: mradi utachukua asilimia ndogo tu ya makazi ya ndege. Mimi ni mtu wa GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani. Nikiisoma sentensi hiyo naomba mafaili yenyewe, maana picha ya ramani iliyobandikwa ukurasa wa mwisho hainisaidii kitu. Nataka matabaka: mpaka wa msitu, mstari wa barabara, nukta za mahali ndege alipoonekana.

Chukua msitu wa mraba, kilomita 1 kwa 1. Hizo ni hekta 100. Tuseme ndege wetu hazai vizuri akiwa ndani ya mita 100 kutoka ukingoni, kwa sababu huko ndiko nyoka na wezi wengine wa mayai hupata njia kirahisi. Fungua QGIS, programu ya bure ya ramani, chora bafa (ukanda unaofuata ukingo) ya mita 100 kuelekea ndani, utabaki na kiini cha hekta 64. Sasa pitisha barabara ya upana wa mita 20 katikati. Barabara imekula hekta 2. Rudia bafa: kila nusu imebaki na kiini cha mita 290 kwa 800, na zote mbili pamoja ni hekta 46.4. Ndege kapoteza hekta 17.6. Ripoti itaandika asilimia 2, na kwa hesabu yake haijadanganya.

Kipimo cha bafa kinatakiwa kitoke kwa anayemjua ndege huyo porini. Ajabu ni kwamba mara nyingi hukichagua aliyekaa kwenye kompyuta, kwa kuwa programu inamtaka ajaze namba ndipo iendelee. Ukiweka mita 50, kiini kinashuka kutoka hekta 81 hadi 70.2. Ukiweka mita 200, kinatoka 36 hadi 10.8. Msitu ni ule ule na barabara ni ile ile. Kwa hiyo mtu akinipa jibu moja lisilo na kipimo chake, namrudishia.

Kuna ndege mdogo wa Texas mwenye mashavu ya manjano, Setophaga chrysoparia, aliyeingizwa mwaka 1990 kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huzaliana katikati ya jimbo hilo tu, na sehemu ya eneo hilo ndiko mji wa Austin unakotanuka. Jike husuka kiota kwa nyuzi za gome la mreteni mkongwe pamoja na utando wa buibui. Mreteni mchanga haubanduki gome la namna hiyo. Hapo ndipo setilaiti inapokwama. Pikseli, yaani kijiraba kimoja cha picha, ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa bendi zake zilizo kali zaidi, na zote zitakuonyesha kijani. Umri wa gome haziuoni. Tabaka la "msitu wa mreteni" linaweza kuchanganya mahali anapozaa na mahali anapopita tu, kisha mtu akakuonyesha kwa fahari kwamba makazi bado ni tele. Tena ndege huyo hukaa majira ya baridi kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, ambako ramani ya Texas haifiki.

Nukta nazo zina ujanja wake. Waangalizi wa ndege hupita palipo na njia, kwa hiyo nukta hujipanga kando ya barabara, na bonde lisilofikika hubaki jeupe. Nimesoma ripoti inayosema "hakuna ndege" juu ya weupe huo. Swali langu huwa fupi: nani alikwenda huko, na msimu gani?

Tena hakikisha eneo limepimwa kwa projeksheni inayofaa, yaani njia ya kuigeuza dunia ya mviringo kuwa ramani bapa. Ramani za kwenye wavuti kwa kawaida hutumia projeksheni ya Mercator, na ukikokotoa eneo bapa moja kwa moja juu yake kwenye latitudo ya Austin, karibu nyuzi 30, kila hekta huvimba kwa theluthi moja. Makazi yaliyobaki yataonekana makubwa kuliko yalivyo.

Wengine hujikinga kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Eneo ambalo spishi inakalia hupimwa huko kwa kuhesabu miraba ya kilomita 2 kwa 2 ambamo spishi ipo. Mraba wetu wa hekta 100 unaweza kuingia wote ndani ya mmoja wa hiyo, kwa hiyo ukiukata kwa barabara na ndege mmoja akabaki, hesabu haisogei. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya kupima hatari ya spishi kutoweka, si kwa ajili ya kuamua barabara ipite wapi.

Na wapi ipite ndilo swali ninalopenda kuulizwa, mradi niulizwe kabla mhandisi hajapenda mstari wake. Sogeza ile barabara ya mita 20 hadi ukingoni mwa mraba, bado ndani ya msitu. Inakula hekta 2 zile zile. Kwa bafa ya mita 100, kiini kinashuka kutoka hekta 64 hadi 62.4.